Kopo la Dawa ya Kijani

Hadija mwanangu,

Wewe uko Shangani unamuaga shangazi yako, na najua hutarudi upesi maana hajamaliza kukulilia. Nimejifungia kwenye chumba cha dawa, nimekaa juu ya sanduku la vioo, naandika. Mambo ya kuchemsha maji, ya kuvaa sweta na ya kutokula vitu vya njiani baba yako amekwambia tangu juzi, na kesho stendi atayarudia yote. Mimi sina la kuongeza hapo. Umeshakuwa mkubwa. Ukitaka kula mayai ya stendi ya Tunduru utakula, na tumbo ni lako.

Nataka kukueleza yaliyotokea Jumapili. Ulitumwa Naliendele makusudi, ili wakubwa wakujadili bila wewe kuwepo. Uliporudi ulinikuta uani nakamua kitambaa cheupe. Ukaniuliza, "Mama, mjomba amekubali?" Nikakujibu, "Kapange nguo zako." Ukaenda ukapanga, lakini tangu siku ile unaniangalia kwa pembeni, na una haki. Kupanga nguo si jibu.

Ili uelewe lazima nianze na dawa. Wewe umezikuta humu ndani, ukakua ukidhani kila nyumba ina kopo la unga wa kijani na kopo la chembe nyekundu juu ya kabati. Hukuwahi kuniuliza zilitoka wapi. Zilitoka kazini, siku niliyofukuzwa.

Wao hawakusema kufukuzwa, walisema tumepunguzwa. Nilikuwa nanakili ramani kwa wino mweusi katika ofisi ya serikali: viwanja, barabara, mipaka ya mashamba. Mkono wangu ulikuwa hautetemeki, na hilo nalisema bila haya. Wakaja mabwana kutoka makao makuu, wakatukusanya, wakasema kazi za mkono zimepitwa na wakati, twende nyumbani tukalime. Siku hiyohiyo stoo ilikuwa inasafishwa. Nikaona makopo mawili yanapelekwa shimoni. Yalikuwa ya enzi zile ramani zilipochapwa kwa jua, zikatoka buluu, kabla haijaletwa ile mashine ya amonia inayonuka mkojo. Mtunza stoo akaniambia, "Zainabu, usiguse hizo, zimekwisha muda wake." Nikasoma kibandiko. Kweli, tarehe ilikuwa imepita zamani, wewe hata hujazaliwa. Nikamwambia, "Na mimi nimeambiwa hivyohivyo asubuhi hii. Tutaondoka pamoja." Nikayatia kikapuni, nikafunika kanga, nikapita getini macho makavu.

Nilichokuwa nakijua kilikuwa kidogo. Chilumba, aliyekuwa mchapaji wetu, aliwahi kunionyesha. Ya kijani unaiyeyusha peke yake, nyekundu peke yake, unazichanganya penye giza, unapaka kwenye kitambaa cha pamba, kikikauka unakiweka juani chini ya mchoro na kioo, halafu unasuuza kwa maji. Jua likipita panakuwa buluu, wino ukizuia panabaki peupe. Basi. Mengine yote niliyajua kwa kuharibu.

Na niliharibu sana, Dija. Nilianza na vivuli. Mtu anakaa kati ya taa na karatasi ya kunakilia, mimi nafuata ukingo wa kivuli chake, paji, pua, midomo, kidevu, kisha najaza wino ndani. Ukichapa unapata uso mweupe wa pembeni katikati ya kitambaa cha buluu. Studio za mjini zilikuwa na kamera na picha za rangi, mimi nilikuwa na jua. Watu walinicheka, halafu wakaanza kuja mmojammoja, kina mama kwanza.

Nikaitwa harusini Msimbati, nichape nyuso za bibi na bwana harusi pale uwanjani wageni wakitazama. Kwa uroho wa kujionyesha niko tayari, nilichanganya dawa hapa nyumbani, chupa nzima, nikaifunga kitambaa cheusi nikaipakata. Lori likakwama mchangani. Njia ile unaijua. Tulishuka tukasukuma, tukakata makuti tukayatandika chini ya magurudumu, tukasukuma tena. Tunafika, wali umeshaliwa. Kufungua chupa, buluu tupu, na tope limekaa chini. Badala ya kusema imeharibika nikapaka hivyohivyo, kwa ukaidi. Kitambaa kikatoka buluu chote, hakina bibi wala bwana. Mama wa bibi harusi akakipokea, akakigeuza huku na huku, akasema, "Kumbe wameshaingia ndani, wamezima na taa." Watu walicheka mpaka wakakaa chini. Na mimi nikacheka, huku natamani ardhi ipasuke inimeze.

Hapo ndipo nilipojua kwamba zikikaa mbalimbali, kavu, gizani, dawa hizi zinaishi miaka. Zikishakutana una saa chache tu. Ndiyo maana ulipokuwa mdogo tukienda kazini wewe ulibeba chupa ya nyekundu na mimi ya kijani, na ukinisogelea nilikuwa nakufukuza, "Kaa mbali huko," mpaka watu njiani wakadhani mama na mtoto wamegombana.

Nyekundu haikunisumbua hata siku moja. Ya kijani ndiyo yenye deko. Haitaki jua, haitaki unyevu, na ukiiyeyusha ukaisahau inaota ukungu mweupe juu kama uji uliolala. Nilikuwa nauchuja ukungu naendelea na kazi. Kopo lenyewe nililitilia mchele mkavu ndani ya kifurushi cha kitambaa ili unyevu uende huko, nikaziba mfuniko kwa nta ya mshumaa, nikalihamisha mbali na jiko. Kila masika nilikuwa nalichungulia, na kila nikichapa, picha inatoka. Ulipoanza kusoma kemia ukaja na kiherehere chako, ukasoma kibandiko, ukaniambia, "Mama, hii ilitakiwa itupwe kabla sijazaliwa." Nikakujibu, "Na bado ndiyo inayokusomesha." Ukacheka. Mimi sikuwa natania. Kila picha iliyotoka nilikuwa naiona kama nimewajibu wale mabwana wa makao makuu. Miaka ikapita nikiwajibu watu ambao hata jina langu walishalisahau.

Sasa mjomba wako Mfaume. Unajua kwetu mjomba ndiye mwenye neno juu ya mtoto wa dada yake. Baba anaweza kusema, lakini anayefunga maneno ni mjomba. Alikuja kutoka Kitaya na wazee wawili, wakakaa kwenye benchi pale uani, wakanywa chai, wakasifu chai, ndipo akaleta habari ya yule mwenye duka anayetaka kukuoa. Yule anayevaa saa mbili. Sitaki umchukie mjomba wako, na nitakueleza mbele kwa nini. Alisema kwa upole kabisa.

"Dada, chuo ni miaka mitatu. Akirudi atakuwa amepita. Mtoto wa kike ana muda wake, kama dawa. Wewe mambo ya tarehe unayajua kuliko sisi."

Damu ikanipanda. Nikamwambia, "Mfaume, ile salfa iliyo chini ya kitanda chako ina tarehe gani?"

Wale wazee wakatazamana, maana wote wana mikorosho na wote wanajua habari ya salfa.

"Msimu uliopita uliipulizia mikorosho ikiwa imeshapita muda wake," nikasema, "na korosho ukavuna. Mbona hukuitupa?"

"Salfa ni salfa," akasema.

"Na dawa yangu ni dawa. Kibandiko kinasema ilikufa Hadija hajazaliwa, na mpaka leo inachapa."

Mjomba wako akatabasamu. Akaweka kikombe chini. "Basi chapa tuone, dada. Chapa uso wake hapahapa mbele ya wazee. Ukitokea, aende chuo, mimi mwenyewe nitamsindikiza. Usipotokea, mwezi ujao tunapokea posa."

Nikasema, "Haya."

Nimeliandika neno hilo peke yake ulione. Mama yako alilisema, tena bila kufikiri. Baba yako alinitazama, akavua kofia akaanza kuikunja magotini, na mimi nikajifanya sikumwona. Nilikuwa na uhakika na kopo langu kiasi kwamba sikukumbuka kujiuliza nani aliyenipa ruhusa ya kukuweka ndani yake. Nilikucheza kama bao, mwanangu. Kama ningeshinda ningetamba mpaka leo, na ningekuwa nimekosea vilevile.

Nikaingia humu, nikashusha pazia jeusi, nikabandua nta. Nta ilikuwa na ufa. Masika haya yaliyopita yaliingia ndani, na mimi sikuchungulia kwa sababu tulikuwa tunahangaika na fomu zako za chuo. Unga ulikuwa umeshikana vigae, rangi ya kahawia, unanuka ukungu. Nilijua palepale. Ningeweza kutoka nikasema, "Jamani, dawa imeharibika." Badala yake nikaponda vigae, nikavichuja, nikachanganya na nyekundu, nikapaka. Msimbati haikunifunza, unaona.

Nikatoa ule mchoro wa kivuli chako, niliouchora ulipomaliza kidato cha nne, siku ulipokataa kutulia ukawa unacheka mpaka kidevu kikatoka mara mbili nikakifuta. Nikaweka kioo juu, nikatoka navyo juani. Wazee walihamisha benchi kivulini. Mjomba wako alisimama pembeni yangu juani, jasho linamtiririka. Kitambaa kilitakiwa kigeuke rangi, kiwe cha kijivu chenye giza. Kilibadilika kidogo tu, kama kinaona haya.

Nikakitumbukiza kwenye karai. Maji yakawa manjano. Halafu, Dija, nikakuona. Ukatokea hafifu ndani ya maji, ukingo wa pua yako na hicho kidevu ulichochukua kwangu, na buluu nyembamba inakuzunguka. Nikasema moyoni, kaa hapo, kaa hapohapo. Buluu ikaanza kuachia kutoka pembeni, ikaingia majini, ikapita kwenye shavu, na wewe ukaondoka. Kikabaki kitambaa cheupe. Niliogopa. Naandika kama lilivyokuwa, nilishika ukingo wa karai.

Mjomba wako alichuchumaa karibu yangu. Hakucheka. Aliacha Kiswahili akanisemesha Kimakonde, kama anavyofanya tangu utoto akitaka nimsikilize. Akaniambia, "Umeona, dada yangu. Hata uso wake haukushika. Usishindane tena."

Wazee wakaitika. Kwao lilikuwa limekwisha, mmoja alishaanza kutafuta fimbo yake.

Nikakitoa kitambaa nikaanza kukikamua. Nilikikamua mpaka vidole vikauma, kwa sababu mikono ilitaka kazi. Halafu maneno yakaja yenyewe, na sauti yangu ilikuwa ya kawaida kabisa, baba yako ni shahidi.

"Nimeona," nikasema. "Dawa imekufa. Nilikosea kuhusu dawa. Kuhusu Hadija sikukosea, na Jumatano anaondoka."

Mfaume akasimama. "Tumepeana neno mbele ya wazee."

"Nimelivunja."

"Zainabu."

"Nimelivunja, Mfaume. Popote utakapokaa useme dada yako hana neno, nami sitabisha. Mwanangu si unga wa kwenye kopo. Picha ingetoka angekwenda, na haikutoka anakwenda."

Wazee walinitazama kama mtu aliyevua nguo hadharani. Mjomba wako alivaa viatu vyake, hakufunga kamba. Akaniambia, "Akiondoka, usiniite tena kwa jambo lolote. Hata msiba." Akapita pale kwenye mkorosho, maua yakamdondokea begani, hakuyapangusa. Mpaka leo hajatuma hata salamu.

Tukabaki mimi na baba yako na vikombe. Akainyoosha ile kofia, akaivaa. Akasema, "Nikakate tiketi?" Nikamwambia kakate. Ukiwahi kujiuliza mimi na baba yako tunaishije miaka yote hii bila kuongea, tunaishi hivyo.

Sasa umejua. Na najua akili yako inavyokwenda, umeshaanza kupiga hesabu kwamba mama amempoteza ndugu yake kwa ajili yangu, kwa hiyo lazima nifaulu. Acha hiyo hesabu. Sikukuruhusu kwenda kwa sababu utafaulu. Ukifeli, umefeli, mtu hafi. Nimekuweka dau mara moja, Jumapili, na nilipoona uso wako unakwenda na maji nilijua nimefanya jambo baya. Sitakuweka tena, na wewe usijiweke. Nenda ukasome kwa sababu unapenda mambo ya kupima na kuchungulia, tangu mdogo ulikuwa unaonja chokaa ya ukutani.

Mfaume ni kaka yangu. Maji ya Ruvuma yalipopanda nilikuwa mtoto, na yeye ndiye aliyenivusha mgongoni, akimeza maji ili mimi nisimeze. Nilipopunguzwa kazi alituletea muhogo na samaki wakavu msimu mzima, hakusema neno. Anakuogopea, na anaamini anajua mahali salama ni wapi. Ninamlilia, sikufichi. Nimemlilia humuhumu chumbani. Lakini kumlilia si kujuta. Ukifika mwandikie. Usimwombe radhi, huna kosa. Mwambie umefika, mwambie kuna baridi, muulize mikorosho imezaaje. Asipojibu, mwandikie tena.

Na huko uendako utabandikwa tarehe. Watakwambia umechelewa, umri umekwenda, watu wa kusini hawawezi, msichana akisoma sana hivi na vile. Usiwaamini, ila usifanye kama mimi pia. Mimi nilijifunza nusu ya somo nikaishika kwa meno. Nilijua kufungua kopo na kuona kama kilichoandikwa ni kweli, na hilo ni jema, limetulisha. Nusu nyingine ilinishinda: ukifungua ukakuta kitu kimekufa kweli, kubali, mwaga, osha chombo. Mimi nilipaka dawa mfu kwenye kitambaa mara mbili katika maisha yangu, na mara zote mbili nilijua. Nilikuwa nabishana na mtunza stoo, na mtunza stoo hakuwepo.

Nimelimwaga kopo la kijani jana, nyuma ya choo. Nilidhani nitaumia. Niliona tu kopo chafu, nikalisugua kwa majivu, sasa limewekwa chumvi jikoni, baba yako ameshalitumia. Nyekundu bado ni nzima, chembe zake zinang'aa kama siku niliyozitoa ofisini. Iko juu ya kabati, peke yake haichapi kitu, lakini haiharibiki. Siku ukikutana na ile ya kijani, mpya, iliyofungwa, niulizie inapatikanaje. Usiniibie ya watu, nakufahamu.

Chini kabisa ya begi lako, chini ya sweta, utakuta kitambaa cheupe nimekipiga pindo. Ndicho kile. Mjomba wako na wazee wake waliona hakina kitu. Kifanyie upendavyo, taulo, foronya, hata dekio la maabara, lakini ujue kwamba mimi nilikuona humo.

Utaona pia kwamba juu ya barua hii sikuandika tarehe. Miaka yote ofisini sikutoa mchoro hata mmoja usio na tarehe pembeni, ungerudishwa mezani kwangu. Hii nimeiacha wazi kwa makusudi. Isome mwaka huu, isome ukiwa na meno ya bandia, ni ileile. Na wewe njoo siku yoyote, umefaulu au umefeli, una mume au huna, kijana au kikongwe. Nitakufungulia mlango, na sitatafuta kibandiko.

Mama yako,
Zainabu